AFP: inatangaza saratani ya ini, au inaikuza?

Mgonjwa wa ini akitoka labo hapa Lubumbashi na karatasi yenye AFP 600 (AFP ni alfafetoprotini, protini inayopimwa kwenye damu), familia nzima huona kama hukumu imeshasomwa. Maswali huwa mawili. Je, namba hiyo ni saratani? Na je, protini hiyo ndiyo inayokuza uvimbe?

La kwanza nalijibu upesi: namba peke yake haitoshi. AFP hupanda pia kwa sababu ya homa ya ini, makovu ya ini, mimba na baadhi ya saratani za kende na ovari. Tena, takriban theluthi moja ya saratani za ini haziipandishi. Ekografi (ultrasound) haikwepeki. Swali la pili ndilo linalowagawanya wanasayansi.

Alfafetoprotini ni protini ya mtoto aliye tumboni. Mwishoni mwa miezi mitatu ya kwanza ya mimba, kila mililita ya damu yake huwa na miligramu 3 hivi. Kwa mtu mzima ni chini ya nanogramu 10, yaani pungufu kwa mara laki tatu. Mwaka 1963, huko Moscow, Garri Abelev aliikuta kwenye panya wenye saratani ya ini, na mwaka uliofuata Yuri Tatarinov akaiona kwa wagonjwa. Tangu hapo hospitali huitumia kama shahidi wa uvimbe.

Wanaosema ni shahidi tu wana hoja nzito. Wapo watu waliozaliwa bila AFP na wakakua wazima. Panya walioondolewa jeni yake huishi pia. Shida yao ni kwamba majike ni tasa, maana estrojeni, homoni ya kike, iliuvuruga ubongo wao wangali wachanga. Kama protini hii ingekuwa mbolea ya seli, asiye nayo angedumaa.

Hoja hiyo hainitoshi. Inaonyesha kwamba mtoto ana njia nyingine za kukua, lakini haisemi protini hii inaifanyia nini seli ya saratani. Ukizima jeni ya AFP ndani ya seli za saratani ya ini, nyingi hupunguza kasi na nyingine hufa. Watafiti wa Hainan, China, wameonyesha kwamba ndani ya seli AFP huishika PTEN, protini yenye kazi ya kuzuia ukuaji, na breki hiyo ikishikwa seli huendelea kugawanyika. Nje ya seli, AFP huzilegeza seli za kinga ambazo zingeushambulia uvimbe.

Hata hivyo protini hiyohiyo huzuia ukuaji. Maabarani, kiasi kidogo kimechochea seli za uvimbe na kiasi kikubwa kikaziua. AFP iliyochanganywa kwanza na estrojeni nyingi hubadilika umbo, kisha huzuia mji wa mimba wa panya wachanga usikue kwa amri ya homoni hiyo. Huko Albany, New York, kipande chake kifupi, cha asidi amino 8 au 9 tu, kimezuia saratani ya matiti inayotegemea estrojeni katika panya. Lakini kwa seli zisizo na saratani, kama zile za ovari ya nguruwe, AFP imeongeza nguvu ya viamsho vingine vya ukuaji.

Hapa naomba tahadhari. AFP ya panya hunasa estrojeni kwa nguvu; ya binadamu hainasi karibu chochote. Asiyetaja tofauti hiyo anawapa wagonjwa wa matiti tumaini la haraka mno.

Kwa hiyo naegemea upande huu: AFP ni mshiriki katika saratani ya ini, si mwanzilishi, na mwelekeo wake hutegemea kiasi, umbo na seli iliyoipokea. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2019, dawa ramucirumab iliwasaidia wagonjwa wa saratani ya ini wenye AFP ya 400 au zaidi, lakini dawa hiyo hulenga mishipa ya damu ya uvimbe, haiigusi AFP. Anayeleta jaribio hilo kama ushahidi wa kosa la AFP anakwenda mbali kuliko linavyosema.

Waanzilishi wa saratani hii tunaishi nao. Bukari (ugali) yetu ni ya mahindi, na mahindi au karanga zilizowekwa zikiwa na unyevu huota ukungu wenye aflatoksini. Sumu hiyo, ikikutana na homa ya ini aina ya B, huharibu p53, jeni inayozuia seli kugeuka saratani, ndani ya seli za ini miaka mingi kabla AFP haijapanda. Dawa ya kuizima AFP, hata ikipatikana kesho, ingemkuta mgonjwa katika hatua hiyo ya mwisho. Chanjo ya mtoto na mahindi yaliyoanikwa yakakauka vizuri humkuta mwanzoni.