Maajabu ya Kesho, Nani Atalipia Umeme?

Nina ugomvi wa muda mrefu na hadithi za kubuni za kisayansi, na ugomvi wenyewe si kwamba zinasema uongo, maana uongo mtamu hauna ubaya, bali ni kwamba hazisemi kamwe nani anayelipia umeme. Shujaa anaingia ndani ya kibanda cha kioo, anabonyeza kitufe, anatoweka, kisha anaibukia kwenye sayari nyingine huku nywele zake zikiwa bado zimechanwa vizuri. Hakuna aliyemdai nywila. Hakuna aliyemwambia kwamba nywila aliyoweka si sahihi, kwamba amebakiwa na jaribio moja, au kwamba mfumo uko katika matengenezo na anaombwa radhi kwa usumbufu. Mimi, ambaye simu yangu hukataa kunitambua kwa sababu tu nimetoka kunawa mikono, nikisikia kwamba wataalamu wanazifikiria mashine hizi kwa dhati, huwa sishangilii. Hujiuliza nitaanza kukatwa kiasi gani kwa mwezi.

Tukichukue hicho kibanda cha kuhamisha watu, kwa kuwa ndicho kila mtu hukitamani akiwa amekwama kwenye foleni ya magari. Mashine ya namna hiyo haikubebi. Inakusoma, inatuma maelezo yako, kisha inakuunda upya kule unakokwenda. Sasa mwili wa mtu mwenye kilo 70 una atomu ambazo idadi yake ni takriban 7 ikifuatwa na sifuri 27. Hata tukifanya ubahili na kuitengea kila atomu biti moja, yaani sifuri au moja ya kompyuta, ambayo haitoshi kueleza kama atomu hiyo ni ya pua au ya kisigino, mtandao wenye kasi ya biti bilioni 1 kwa sekunde ungehitaji zaidi ya miaka bilioni 200 kumaliza kunituma, ilhali ulimwengu mzima, pamoja na nyota zake zote, una umri wa miaka bilioni 13.8 tu. Hapo mtandao haujakatika, wala bando halijaisha. Nami naujua mtandao wa nyumbani kwangu: hukimbia vizuri mpaka asilimia 99, kisha husimama hapo na kutafakari. Ningependa kuambiwa mapema ni kiungo gani kimewekwa kwenye ile asilimia 1 ya mwisho.

Wapo wanaosema kwamba njia ya mkato ni kunigeuza nishati na kunirusha. Wazo zuri, ila kilo 70 zikigeuzwa nishati yote hutoa mlipuko wa takriban megatoni 1,500, na bomu kubwa kuliko yote yaliyowahi kulipuliwa, lile la Umoja wa Kisovieti la mwaka 1961, lilikuwa na megatoni 50 hivi. Kwa hiyo kila asubuhi, ili niwahi kazini, ningegeuzwa mabomu 30 ya aina ile, na bado kwenye daftari la mahudhurio ningeandikiwa kwamba nimechelewa dakika tano.

Wanafizikia nao hawajakaa kimya. Mwaka 1993 sita kati yao walionesha kwa hesabu kwamba hali ya chembe moja inaweza kuhamishiwa kwenye chembe nyingine iliyo mbali, na mwaka 1997 kundi la Anton Zeilinger huko Innsbruck, Austria, lilifanya jambo hilo kwa fotoni, yaani chembe za mwanga. Kilichohama kilikuwa hali ya fotoni, si fotoni yenyewe, na kanuni za kwanta, yaani za chembe ndogo kabisa, zinalazimisha hali ile ya mwanzo iharibike, kwa kuwa haziruhusu kitu kitolewe nakala kamili na chenyewe kibaki kilivyokuwa. Kwa fotoni hilo si msiba. Kwa mtu mwenye mke, watoto na mikopo, linahitaji kikao.

Naiona kabisa skrini ya kibanda chenyewe, kwa sababu waundaji wa mashine hizi hawatakosa kutafuta namna ya kuikwepa hiyo kanuni ili watuuzie huduma ya ziada. Maandishi ya kijani yanasomeka: “Umefika salama. Je, tufute nakala iliyobaki huku?” Chini yake pana vitufe viwili, “Ndiyo” na “Nikumbushe baadaye”, na nyuma yangu pana watu wanaokohoa kikohozi kile kisicho cha ugonjwa. Nabonyeza “Nikumbushe baadaye”, kama nifanyavyo kwa kila kinachoniuliza swali kwenye skrini, na jioni tunakutana nyumbani wawili, kila mmoja ana ufunguo wake, kila mmoja anadai kwamba ndiye aliyelipa kodi ya nyumba, na kila mmoja anakana kwamba ndiye aliyeahidi kurekebisha bomba la jikoni. Mke wangu hatapoteza muda kutafuta yupi kati yetu ni halisi. Mmoja atamkabidhi bomba, mwingine atamkabidhi watoto, na kesho yake ataulizia kama kibanda kinaweza kumtoa wa tatu wa kupaka rangi ukuta.

Mashine ya kurudi nyuma katika wakati ina hila zaidi. Tuseme nimesahau funguo ndani, nikaamua kurudi saa moja nyuma nizichukue kabla mlango haujafungwa. Katika saa hiyo moja Dunia, inayolizunguka Jua kwa kasi ya takriban kilomita 30 kwa sekunde, imekwisha kusogea kilomita 108,000, na silitaji Jua lenyewe, ambalo nalo linazunguka ndani ya galaksi yetu kwa zaidi ya kilomita 200 kwa sekunde huku likituburuta sote. Ningetokea katikati ya anga tupu, bila hewa, bila mlango, na bila zile funguo. Najua mwanafizikia atanikatiza kwamba mwendo wote ni wa kulinganisha na kwamba mashine inaweza kufungwa ifuate Dunia. Sawa. Lakini atakayekuja kuifunga ni nani, kama si fundi yule yule aliyenifungia dishi likaelekea kwenye ukuta wa jirani?

Mwanafizikia wa Uingereza, Stephen Hawking, alipata kuwaandalia karamu wasafiri wa wakati, huko Cambridge, tarehe 28 Juni 2009, na mialiko akaitoa baada ya karamu kwisha, ili ahudhurie tu yule mwenye uwezo wa kurudi nyuma. Hakufika hata mmoja. Wengi wanalichukulia jambo hilo kuwa dalili kwamba safari hizo haziwezekani, lakini mimi naona mwenzetu alikuwa na bahati, kwa sababu mwaliko ule ungeangukia mikononi mwa ukoo wangu, wangefika wote, wangefika juzi yake, na wangeuliza chakula kiko wapi.

Halafu kuna suala la amani ya nyumba. Tunaambiana kwamba yaliyopita si ndwele, na msemo huo umeziokoa ndoa nyingi kwa sababu moja tu: hakuna anayeweza kwenda kuyahakiki. Iweke mashine hiyo sebuleni uone. Mtarudi kwenye siku ya ugomvi ule mara kwa mara, mkiwa na daftari na mashahidi, ili ithibitike ni nani hasa aliyeanza kupandisha sauti, na baada ya ziara chache sebule ya siku ile itakuwa imejaa ninyi watupu, hamna hata pa kukaa. Nisimsahau yule mimi wa miaka kumi ijayo, ambaye kwa jinsi ninavyojifahamu atakuja akiwa na tabasamu, atasifia afya yangu, kisha atasema ana dharura ndogo na kwamba atanirudishia mwisho wa mwezi. Mwezi upi, hatasema.

Kutoonekana ni ndoto ya kila mdaiwa, nami sijaikataa moja kwa moja. Tatizo ni kwamba jicho huona kwa sababu retina, ule utando wa nyuma ya jicho, hunasa mwanga. Mwanga ukikupita moja kwa moja bila kunaswa, ambavyo ndivyo itakavyokuwa ukiwa huonekani, utakuwa kipofu hapo hapo. Utamkwepa anayekudai kwa ustadi mkubwa, kisha utaenda kumgonga kifuani. Watengenezaji watasema basi waache retina zionekane, mwili mwingine upotee, na matokeo yake ni vidoa viwili vyekundu vinavyoelea sokoni vikiulizia bei. Kope nazo zitakuwa hazizuii mwanga, hivyo kulala na taa ikiwa imewashwa sahau, na kusinzia kwenye mkutano wa mchana ndiyo basi tena. Isitoshe, nguo hazipotei pamoja na mwenye nguo, kwa hiyo mtu wa namna hii hutembea uchi kwenye baridi, huku kile alichokula asubuhi kikionekana kinavyoshuka.

Vidonge vya kukaa badala ya chakula sitavipotezea muda. Mtu mzima anahitaji takriban kilokalori 2,000 kwa siku, na mafuta, ambayo ndiyo chakula chenye nishati nyingi kuliko vyote kwa uzito, hutoa 9 kwa gramu. Basi kidonge cha nusu gramu cha mafuta matupu kitakulazimu umeze zaidi ya 440 kila siku. Huo si urahisi, hiyo ni ajira.

Watu wa kuruka angani ndio walionisikitisha zaidi, kwa kuwa wao walifanikiwa. Mwaka 1961 kampuni ya Bell ya Marekani ilimrusha mtu aliyefungwa roketi mgongoni, na kifaa kile kiliweza kumweka hewani kwa muda usiozidi sekunde 21, kwa kelele za kuziba masikio. Sekunde 21! Huo ni muda wa kufika juu ya paa la jirani, si muda wa kushuka. Na magari ya kuruka yakiwa ya kila mtu, naomba tukumbuke jambo ambalo wachora picha za miji ya kesho hawaligusi, nalo ni kwamba gari likizimika barabarani unashuka na kulisukuma. Leo mtu anaendesha huku akiandika ujumbe, akila na kumkemea mtoto aliye kiti cha nyuma, na anayo barabara chini yake ya kumvumilia. Huyo huyo mpandishe ghorofa ya saba hewani, umwambie apishe kushoto.

Kuhusu roboti wa kazi za nyumbani nilikuwa na matumaini, mpaka nilipotazama jinsi kila kitu siku hizi kinavyouzwa kwa malipo ya mwezi. Roboti hatauzwa mzima. Utanunua kiwiliwili, kisha mikono utailipia kila mwezi, na kifurushi cha msingi kitakuwa na mkono mmoja. Siku moja, mbele ya wageni, atakuwa amebeba sufuria ya mchuzi wa moto, amefika juu kabisa ya kichwa cha shemeji, ndipo atakaposimama ghafla na kutangaza kwa sauti ya upole kwamba muda wa majaribio umekwisha. Shemeji hataongea wala kutikisika. Mimi nitakuwa natafuta kadi ya benki, mke wangu atakuwa anatafuta simu ili apokee namba ya uthibitisho, na namba hiyo, kwa kuwa namba hizi zina tabia zake, itachelewa. Ikifika itakuwa imepitwa na muda. Wakati huo wote roboti atatuchezea muziki wa kusubiri na kutuuliza, kwa kipimo cha moja hadi kumi, tumeridhika kiasi gani na huduma yake, na shemeji ndiye pekee atakayejibu kumi, tena kwa kunong’ona.

Basi watu huniambia kwamba kama Dunia inanichosha hivi, nihamie Mirihi. Nimelifikiria. Safari yenyewe ni takriban miezi saba ndani ya kopo, na maji ya kunywa ni yale yale mliyokwisha kuyatumia: mwaka 2023 NASA ilitangaza kwamba kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga imefikia kurejesha asilimia 98 ya maji, yakiwemo ya jasho, ya pumzi na ya haja ndogo, nami nikajikuta naifikiria zaidi ile asilimia 2 iliyopata bahati ya kutoroka. Hayo yote ningeyavumilia. Ninachokiogopa ni simu. Ujumbe kati ya Dunia na Mirihi huchukua kati ya dakika 3 na 22, kutegemea sayari hizo ziko wapi, na hakuna fundi wa kuupunguza muda huo kwa kuwa ni kasi ya mwanga. Mke wangu ataniuliza swali dogo tu, kwamba nilimaanisha nini niliposema vile jana. Swali litasafiri dakika 22, nitajibu papo hapo bila hata kupepesa, na jibu litasafiri dakika nyingine 22, lakini ndani ya hizo dakika 44 za ukimya atakuwa amekwisha kuamua jibu langu lilikuwa nini, amemsimulia mama yake, na mama yake ametoa maoni. Jibu langu halitapata hata kutoka kwenye anga ya Mirihi kabla halijapishana na ujumbe wake wa pili, ulioandikwa: “Mbona kimya?”