Msaragambo wa njia: kazi ya mwananchi iishie wapi?

Ukipanda milima ya Upare baada ya masika, utaona njia ilipoumia. Maji yameshika katikati na kuchimba mfereji wa kina cha goti, na wapitaji wamehamia pembeni, wanakanyaga maharage ya watu. Kwa mama anayeshusha tangawizi kichwani kutoka Mamba Miamba, hiyo ndiyo njia ya sokoni. Akiteleza pale, anakwenda chini yeye na mzigo wake.

Kazi ya kuitengeneza ina jina lake huku: msaragambo. Kila kaya inatoa mtu, na mtu anakuja na jembe, sururu au panga. Siku hizi wapo wanaouliza kwa nini mwananchi anayelipa kodi achimbe njia, ilhali TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ipo tangu 2017. Wengine wanawajibu kwamba wakala ule kazi yake ni barabara, na njia ya miguu inayopita katikati ya migomba haitaletewa greda hata siku moja. Nimekua nikishiriki kazi hii, na sioni upande unaoweza kupuuzwa.

Mimi msaragambo nautetea kwa sababu moja kubwa. Njia ya mlimani inaharibiwa na maji kuliko miguu, na dawa yake ni makinga maji: mtaro mfupi unaokatwa mshazari, ukapangiwa mawe upande wa chini, maji yatoke njiani kabla hayajapata kasi. Mahali pa kuukata anapajua anayepita pale kila siku. Niliwahi kumwona mzee mmoja akiwasimamisha vijana waliokwisha kuanza kuchimba, akapanda hatua kama kumi na kuchomeka fimbo yake. "Maji yanaingilia hapa," akasema. Tukahamia pale, na masika ile njia haikukatika. Mkandarasi wa mara moja kwa mwaka atautoa wapi ujuzi huo? Na mtaro ukijaa mchanga mvua za vuli zikianza, nani atauzibua?

Lakini asiyefika hutozwa faini, na hapo wanaolalamika wana haki. Mwenye duka analipa na kuendelea na biashara yake. Mjane ambaye wanawe wote wako mjini hana fedha wala wa kumtuma, kwa hiyo anakiacha kibarua cha siku ile anakuja. Rwanda umuganda, kazi ya pamoja kama hii yetu, umewekwa kwenye sheria, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwa wenye miaka 18 hadi 65, na faini ipo. Nchini kwetu shuruti ina kumbukumbu chungu: mwaka 1955 Waluguru walikataa matuta waliyolazimishwa na mkoloni, na mtu akauawa. Matuta yale yalikusudiwa kuzuia mmomonyoko, jambo jema kabisa, ila wenye mashamba hawakuwa wameamua wao.

Ndiva zetu, yale mabwawa madogo ya kumwagilia mashamba, zinaonyesha kwa nini njia ni ngumu zaidi. Anayekwepa kuzibua mfereji anaweza kunyimwa zamu ya maji, basi watu wanakuja. Njia haina zamu. Huwezi kumzuia jirani kupita eti kwa kuwa hakushika sururu. Bila adhabu yoyote wachache watachoka kuwabeba wengi, kwa hiyo siwezi kusema faini ifutwe. Ninachotaka ni kiwango chake kipangwe na mkutano wa kitongoji wenyewe, wajane na wazee wasamehewe, na anayewapikia wachimbaji ahesabiwe kuwa amefanya kazi.

Kosa ninaloliona kubwa zaidi liko kwenye makorongo. Mitaro na ngazi za mawe tunaziweza. Kivuko tunakitengeneza kwa magogo mawili na misumari, kisha watoto wa shule wanakipita asubuhi mto umejaa, na gogo linaoza kwa ndani bila mtu kuona. Likivunjika, atawajibika nani? Halmashauri inapoona "nguvu za wananchi" zimekwisha kufanya kazi, kivuko kile kinahesabiwa kimepatikana, na bajeti inakwenda kwingine. Kwa kivuko tuchange mawe, mchanga na mikono yetu, lakini fundi, nondo na saruji vitoke halmashauri, na ombi hilo liandikwe kwenye muhtasari wa mkutano wa kijiji kabla mtu yeyote hajakata gogo.