Tusionee Wivu Maabara Zao

Wahandisi wenzangu walioko Tanzania wakiniuliza habari za vyuo vya huku Marekani, huanza na maabara: mashine za kupimia nguvu ya zege ni kubwa kiasi gani, na kama kweli ipo mifereji ya vioo ya kufanyia majaribio ya mwendo wa maji. Ipo, na ni mizuri. Hata hivyo, kwa kuwa nilisomea uhandisi ujenzi Dar es Salaam na sasa nafundisha haidrolojia, yaani elimu ya mwendo wa maji ya mvua na mito, hapa Ohio, naona wivu huo tumeuelekeza pasipostahili.

Nyumbani, mwanafunzi wa uhandisi hamalizi shahada bila kupitia mafunzo kwa vitendo, ile PT tunayoijua sote. Huko ndiko hushindilia zege kwenye koni ya kupimia ulaini wake kwa tabaka tatu, kila tabaka mapigo 25, huku dereva wa lori akimharakisha kwa sababu jua ni kali. Na huko ndiko hutambua kwamba fundi aliyezeekea kwenye nondo haamrishwi na kijana mwenye kofia mpya. Hapa, katika vyuo vingi, kazi za likizo ni hiari. Nimewahi kusahihisha mchoro wa kalvati wa mwanafunzi wa mwaka wa nne, hodari kabisa wa hesabu, ambaye alisonganisha nondo kiasi kwamba zege lisingepata pa kupenya, kwa kuwa hajawahi kusimama mbele ya nondo zilizofungwa.

Wanachotuzidi ni takwimu. Mwaka wa mwisho wanafunzi hufanya mradi mkubwa wa usanifu, ambao ni sharti la ithibati ya ABET, shirika linalothibitisha ubora wa programu za uhandisi, na mara nyingi mteja ni mji wa kweli wenye mtaro unaofurika kweli. Anayehitaji kiwango cha mvua hufungua Atlasi 14 ya NOAA, idara ya Marekani ya bahari na hali ya hewa, kwenye intaneti, akabonyeza ramani na kupata bila malipo makadirio ya mvua ya dakika 5 hadi ya siku 60, kuanzia ile ya kila mwaka hadi ile inayotarajiwa mara moja katika miaka 1,000. Programu ya SWMM, inayokokotoa mtiririko wa maji ya mvua mijini, nayo ni ya bure, na mwanafunzi wa Mbeya anaweza kuipakua leo hii. Shida ni kwamba hana cha kuilisha.

Enzi zangu niliomba takwimu za mvua kwa ajili ya mradi, nikatakiwa barua ya utambulisho, kisha malipo, na nilichokabidhiwa ni jumla za kila mwezi, ilhali mtaro hufurika kwa mvua isiyomaliza saa moja. Wahandisi wetu bado hurejea modeli ya mafuriko ya Afrika Mashariki, iliyotolewa mwaka 1976 na maabara ya utafiti wa barabara ya Uingereza kutokana na vipimo vya mabonde madogo ya Kenya na Uganda. Ilikuwa kazi ya heshima, lakini tangu hapo Dar es Salaam imejaa mabati na lami, na bonde la Msimbazi, lililofurika vibaya Desemba 2011, halipokei maji kama zamani.

Si kila kitu cha huku ni cha kuiga. Somo la majitaka hapa huchukulia kwamba karibu kila nyumba ya mjini imeunganishwa na bomba la umma, dhana ambayo haina kazi Manzese, penye vyoo vya shimo na magari ya kunyonya.

Ningependa sehemu ya PT itumike kufunga na kutunza vipimamvua vinavyorekodi kila dakika 5 katika shule za sekondari, kuanzia vilima vya Pugu, ambako Msimbazi huanzia, hadi Jangwani, na rekodi zake ziwe wazi kwa yeyote. Najua itasemwa kwamba takwimu huuzwa ili ofisi zijiendeshe, nami siwalaumu wanaobanwa na bajeti, lakini rekodi hizi zitakuwa za vyuo vyenyewe na hazitahitaji barua ya mtu. Wahadhiri mnaosimamia PT, hebu semeni: kazi ya namna hiyo inaweza kuhesabiwa katika alama za mwanafunzi kwa kanuni zilizopo, au ni lazima kwanza ipite kwenye seneti ya chuo?