Kulala godauni: hesabu ya Shimanzi na Changamwe

Tangu treni ya SGR ianze mwaka 2017 na makontena yakapelekwa Nairobi moja kwa moja, kuna maghala Mombasa, mitaa kama Shimanzi na Changamwe, yaliyokosa mizigo. Ndipo likaja wazo la seremala au fundi cherehani kukodi godauni dogo, mbele liwe karakana, nyuma aishi.

Wazo lenyewe si geni. Mji wa Kale watu wamekaa miaka mingi duka chini, familia juu. Na faida zipo: kodi moja badala ya mbili, umeme wa fezi tatu mara nyingi umeshaingizwa, sakafu ya zege inabeba mashine, na vyumba ukivigawa kwa mbao unavihamisha kazi ikibadilika. Na kwa kuwa unalala kazini, foleni ya magari pale Makupa, njia ya kuingia kisiwani, unawaachia wengine.

Shida ni joto. Wenye kuiga picha za maghala ya New York yaliyogeuzwa makazi hujenga dari la mbao na kutandika kitanda juu yake. Huku pwani, mabati yakishapigwa na jua kutwa, hewa ya moto hupanda na kutulia pale pale ulipoweka mto. Nyumba ya Mji wa Kale ina ukuta mnene wa mawe ya matumbawe na madirisha ya kupitisha upepo. Godauni lina mlango mmoja mkubwa, pengine kuta tatu hazina hata tundu. Mimi ningegeuza: mbao na vitambaa juu, kitanda chini, kisha nitoboe dirisha upande wa kusi na jingine mkabala nalo. Akiba ya kodi huishia hapo.

Halafu kuna karatasi. Kibali cha kubadilisha matumizi ya ardhi hutolewa na kaunti, chini ya sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya mwaka 2019, na mwenye nyumba asipotaka kusumbuka, mpangaji hana la kufanya. Moto ukizuka, bima imeshapata sababu ya kutolipa.

La mwisho ni sakafu ilimwagikiwa nini kabla yako. Owino Uhuru, kule Mikindani, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia wakazi sumu ya madini ya risasi. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kapera mwenye cherehani zake, ghala likiwa lilihifadhi majani ya chai, ningemwambia ahamie. Mwenye mtoto anayetambaa apime udongo kwanza, hata kama kodi ni ya bure.