Chuma cha Mavyaa na Duka Linalokitunza

Chuma cha kuokea ferratelle, maandazi membamba ya Kiitaliano, alichonikabidhi mavyaa wangu ni kizito kiasi cha kuuchosha mkono kabla bakuli la unga halijafika nusu. Ni mabamba mawili yaliyounganishwa kwa bawaba, yenye mikono mirefu kama koleo la mhunzi, na ndani yake yamechongwa vijumba vidogo vidogo mithili ya sega la nyuki. Katikati ya bamba moja kuna herufi mbili za jina la bibi mzaa mavyaa, nazo zimechongwa kinyumenyume ili zisomeke sawasawa juu ya andazi litakapotoka. Kinapashwa motoni, kinapakwa mafuta ya zeituni, donge la unga wa mayai, sukari na anisi linatiwa katikati, kisha kinafungwa na kugeuzwa. Mavyaa hana haja ya saa: husali Salamu Maria moja kwa upande wa kwanza na Baba Yetu moja kwa upande wa pili, na akifika “amina” andazi limeiva, jembamba na lenye rangi ya asali, herufi za marehemu zikiwa zimesimama katikati yake.

Hapa Abruzzo, mkoa wa milima ulioko mashariki ya Roma, chuma cha namna hiyo kilikuwa sehemu ya mali ya bibi harusi. Ukoo ulikwenda kwa mhunzi, ukataja herufi, pengine na mwaka, na binti akaondoka kwao akiwa na kifaa kisichoweza kuchanganywa na cha mtu mwingine. Wengi husema kwamba urithi wa familia za Kiitaliano umo katika mapishi. Mimi, baada ya miaka kumi na mmoja ya kuishi katika mji wa Sulmona kama mke wa mwana wao, nimefika mahali pa kuamini kwamba mapishi peke yake hayatoshi. Urithi umo katika kifaa, na umo vilevile katika duka linaloweza kukitengeneza kifaa hicho kikiharibika. Duka likifungwa, kifaa hakimalizi kizazi kimoja kabla hakijageuka pambo la ukutani.

Ushahidi wa kwanza niliuona siku ile ile nilipofika. Mimi nimezaliwa Malindi, na mtu wa Malindi hawezi kusema kwamba Waitaliano ni wageni kwake. Tumekua tukisikia habari za San Marco, jukwaa la Waitaliano la baharini kule Ngomeni, ambako setilaiti iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970. Vijana wetu wa ufukweni wanakisema Kiitaliano kwa ufasaha bila kukaa darasani, na jibini la Parmigiano linauzwa madukani mwetu. Kwa hiyo nilikuja huku nikidhani kwamba nawajua. Kumbe niliowajua walikuwa watu wa likizo na majumba ya kando ya bahari. Kwenye kona ya ukumbi wa mavyaa palikuwa na mtungi wa shaba nyekundu, mpana juu na chini, umebanwa kiunoni, una mikono miwili, na ndani yake ilikuwa imechomekwa miavuli. Nikauliza ni kitu gani. Akaniambia ni conca, mtungi wa maji, na kwamba mama yake na bibi yake waliubeba kichwani kutoka kwenye chemchemi hadi nyumbani. Nilipoonekana kutoelewa, akachukua taulo la jikoni, akalisokota, akaliviringisha, akaliweka juu ya nywele zake. “Spara,” akasema. Nikamwambia kwamba hiyo ni ngata, na kwamba bibi yangu mzaa baba alikuwa nayo, naye pia aliteka maji mbali. Akaninyamazia kidogo, halafu akanivulia ile ngata na kuniwekea mimi kichwani.

Tangu siku hiyo sijapata kuwatazama watu hawa kama matajiri waliozaliwa matajiri. Babu mzaa mume wangu alikwenda kuchimba makaa ya mawe Ubelgiji, baada ya mapatano ya mwaka 1946 ambayo kwayo Italia ilipeleka wafanyakazi huko na kupata makaa. Alirudi salama. Wengine hawakurudi: katika moto wa mgodi wa Marcinelle, tarehe 8 Agosti 1956, walikufa watu 262, kati yao Waitaliano 136, na 60 wa hao walikuwa wenyeji wa Abruzzo. Kitanda ninacholalia na sanduku la nguo lililoko miguuni pake vilinunuliwa kwa fedha za mgodini. Mtu akivitazama bila kujua hayo ataona mbao za jozi tu.

Narudi kwenye ule mtungi. Kwa nini ulikuwa na miavuli? Si kwa sababu bomba la maji lilifika nyumbani peke yake, maana shaba ingeweza kuendelea kutumika jikoni kwa kazi nyingine. Chombo cha shaba chenye kuwekwa maji au chakula kinataka kutiwa kalai ndani, yaani utando mwembamba wa madini ya bati, na kalai huisha kwa kutumika, kwa hiyo lazima awepo fundi wa kuirudisha kila baada ya muda. Wapishi wa biriani wa pwani yetu wanalijua jambo hilo vizuri. Abruzzo ilikuwa na mafundi wa shaba wa kusifika, na mji wa Guardiagrele hadi leo unatajwa kwa kazi ya shaba na ya chuma. Lakini fundi wa mtaani kwetu alipozeeka hapakuwa na wa kumrithi, kalai ya mtungi ikaisha, na mtungi ukahamia ukumbini. Mavyaa hakuuacha kwa kupenda. Hakuwa na mahali pa kuupeleka.

Sasa nilieleze duka ninalolipenda kuliko yote, ambalo sitalitaja jina kwa kuwa mwenyewe hapendi kutajwa. Liko kwenye kichochoro kinachotokea Corso Ovidio, barabara kuu ya Sulmona, na upana wake watu wawili wakikutana ndani lazima mmoja ageuke ubavu. Ukuta mzima wa kushoto ni visanduku vya mbao, kutoka sakafuni hadi darini, na kila kisanduku kimekomelewa usoni mfano wa kilichomo: bawaba ndogo, ndoano, parafujo, kitasa cha kabati. Anayetaka kitu hana haja ya kukijua jina, ananyoosha kidole. Kwenye msumari karibu na dirisha zimening'inia pete za mpira za mabirika ya moka, zimepangwa kwa ukubwa, na mzee mwenye duka huuliza swali moja tu: “La vikombe vingapi?” Birika la moka, lile la kahawa, la alumini lenye pembe nane lililotoka katika karakana ya Alfonso Bialetti mwaka 1933, karibu kila nyumba ya Italia inalo, na sehemu inayochoka kwanza ni ile pete ya mpira inayozuia mvuke. Pete mpya haifiki bei ya vikombe viwili vya kahawa, na birika huishi miaka mingine mingi.

Nilipokuwa mgeni sikulijua duka hilo. Birika letu lilipoanza kuvuja nililipeleka kwenye duka kubwa la nje ya mji, lenye maegesho na taa nyeupe, na kijana aliyenihudumia akanishauri nilitupe ninunue jipya, kwa kuwa lilikuwa limepunguzwa bei. Simlaumu kijana, maana hakufundishwa jingine. Lakini lile birika lilikuwa la harusi ya wazazi wa mume wangu, na ndani yake limejenga utando mweusi wa kahawa ambao mavyaa haruhusu uguswe kwa sabuni. Kidogo tu nilitupe.

Kisha kuna chitarra. Hii ni fremu ya mbao, ndefu kama mkono, iliyotandazwa nyaya nyembamba za chuma zilizokaribiana, na jina lake linatokana na gitaa kwa sababu ya nyaya hizo. Unga wa ngano ngumu na mayai unasukumwa kuwa tandiko, tandiko linalazwa juu ya nyaya, halafu unapitisha fimbo ya kusukumia kwa nguvu hadi lianguke chini likiwa tambi. Siri yake ni kwamba unene wa tandiko ulingane na nafasi iliyoko kati ya waya na waya, ndipo tambi itoke ya mraba badala ya bapa, ikaushike vizuri mchuzi. Nyaya hulegea, na ikikatika moja, tambi mbili hutoka zimeshikana. Yangu ilikatika wiki moja kabla ya Pasaka. Nikaipeleka kichochoroni. Mzee aliitoa waya mbovu, akapima mpya, akaikaza, kisha akapitisha ukucha juu ya nyaya zote, moja baada ya nyingine, akisikiliza. Alikuta mbili nyingine zenye sauti ya chini, akazikaza nazo, kazi ambayo sikuwa nimeiomba na ambayo hakuitoza hata senti. Aliniambia kwamba baba yake alimfundisha kusikiliza kabla ya kumfundisha kukaza.

Wageni wanaofika Sulmona hawafiki kichochoroni. Wanavutwa na maduka ya confetti yaliyoko Corso Ovidio, na kwa kweli yanapendeza: lozi zilizovikwa sukari, zimefungwa kwa karatasi za rangi na kuwa maua, alizeti na mashada, yanamwagika kutoka milangoni hadi barabarani. Sanaa ya kuyafunga maua hayo inahusishwa na watawa wa monasteri ya Santa Chiara ya hapa hapa mjini. Kampuni ya Pelino inazitengeneza tangu mwaka 1783. Nyeupe ni za harusi, nyekundu za kuhitimu chuo, na mgeni wa harusi hupewa tano, kwa ajili ya afya, mali, furaha, uzazi na maisha marefu. Nayapenda maduka hayo na siyaonei wasiwasi, kwa sababu muda wote watu wakioana yatakuwa na wanunuzi.

Wasiwasi wangu naupata kwenye soko la vitu vya kale. Huko, juu ya meza za kukunja, nimekuta vyuma vya ferratelle kwa kumi na kwa ishirini, vimerundikwa kama kuni, kila kimoja na herufi zake na kila kimoja bila mwenyewe. Watu hununua, hupiga msasa, hutundika jikoni. Nilishika kimoja chenye mwaka 1911 na herufi tatu, nikawaza juu ya mwanamke aliyekibeba siku ya harusi yake, na wajukuu wake ambao labda wako Roma au Milano wakiamini kwamba kile kichuma kizito hakina kazi. Wengi waliohamia Marekani walivibeba vyuma kama hivyo melini, na hadi leo wajukuu zao huko Pennsylvania huoka andazi hilo kila Krismasi na kuliita pizzelle. Aliyevuka bahari alikibeba, na aliyebaki bondeni akakiuza. Jambo hilo linaniuma.

Na mimi nimekuwa na ugomvi wangu kuhusu kutunza. Katika sanduku la miguuni pa kitanda mlikuwa na mashuka ya kitani ya mavyaa, kumi na mawili, yametariziwa herufi zake kwa uzi mweupe, mengine hayajawahi kukunjuliwa tangu harusi yake. Wifi yangu aliponikuta nimeyatandika, katika joto la Agosti, alishtuka kana kwamba nimevaa nguo za marehemu. Nikamjibu kwa heshima kwamba kitani kisichofuliwa hupata madoa ya manjano kwenye mikunjo, na kwamba mawili yalikuwa yameshaanza. Mavyaa, aliyekuwa akisikiliza kutoka jikoni, alikuja akayapapasa, akasema hakuwahi kujua kwamba ni baridi namna ile mwilini. Usiku huo alilalia shuka lake mwenyewe kwa mara ya kwanza, akiwa na umri wa miaka sabini na nane.

Miji kadhaa ya Italia imejaribu kuyalinda maduka ya zamani. Milano, kwa mfano, huyaorodhesha na kuyatambua rasmi yaliyofanya kazi kwa miaka 50 na zaidi. Naunga mkono, ila kibao mlangoni hakilipi kodi ya pango, tena orodha za namna hiyo huyapendelea maduka yanayopigwa picha. Ningependa halmashauri za miji midogo kama yetu, yenye wakazi wasiofika 25,000 na vijana wanaoondoka kila mwaka, ziwatazame kwanza wenye maduka wanaotengeneza vitu: ziwapunguzie kodi na zimlipe kijana atakayekubali kukaa nao miaka miwili akijifunza. Gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ile ya kupamba barabara kuu kila msimu wa watalii.

Mzee wa kichochoroni ana miaka sabini na mmoja, na binti yake ni mhasibu huko Bologna. Hajasema atafunga lini, nami sijathubutu kumwuliza. Msumari wa bawaba ya chuma cha mavyaa umeanza kucheza, na ukilegea zaidi mabamba hayatakutana sawasawa, zile herufi zitatoka zimefifia upande mmoja. Jumamosi, siku ya soko, nitakipeleka mapema kabla duka halijajaa, pamoja na mwanangu wa kwanza, aone unavyotolewa.