Kila uzi wa gitaa upewe njia yake

Mi naamini kabisa kwamba gitaa la umeme linalotoa kila uzi kwa njia yake ni moja ya mawazo mazuri zaidi yaliyowahi kuingia kwenye chombo hiki, na huwa naumia nikisikia watu wanaliongelea kama vile kazi yake ni kuendeshea sinthesaiza tu, ile mashine ya umeme inayotengeneza sauti za vyombo vingine. Utasikia ah, hizo ni za kupigia sauti za filimbi na vinanda, na mazungumzo yanaishia hapo. Wakati utamu wenyewe uko kwenye sauti ya gitaa lenyewe, nyuzi zile zile, mkono ule ule, ila hazijachanganywa mapema.

Kwenye gitaa la kawaida pikapu moja, yaani kile kifaa cha sumaku kinachonasa mtetemo, inazisikiliza nyuzi zote sita na kuzitoa kwa waya mmoja, zikishachanganyika hapo kuzitenganisha tena ni shughuli. Hizi nyingine zina vipikapu sita vidogo kwenye mstari mmoja jirani kabisa na briji, pale nyuzi zinapokalia mwilini mwa gitaa, kila kimoja na uzi wake, au zina vipande vya piezo, vinavyogeuza mgandamizo wa uzi kuwa umeme, ambapo kila uzi unakalia cha kwake. Na tuelewane, kila uzi unatoka mono, sterio unaitengeneza wewe kwenye mixa, unaamua E nene ikae katikati, G isogee kushoto, B isogee kulia, ukipiga nyuzi moja moja noti zinatembea kutoka spika hii kwenda ile. Inapendeza sana, lakini kwangu hiyo hata sio sababu kubwa.

Sababu kubwa ni distoshen, ule mkwaruzo wa sauti ya gitaa la roki. Ukiingiza noti mbili kwa pamoja kwenye distoshen moja haikupi noti mbili zilizokwaruzwa, inazaa na noti nyingine ambazo hujazipiga, zinatokana na jumla na tofauti za zile mbili. Chukua A ya 110 Hz na E ya juu yake, kama 165 Hz, tofauti yao ni 55, yaani A tena, okteva moja chini. Ndo maana pawa kodi, yaani noti mbili kama hizo A na E, kwenye ampu iliyochemka inasikika nzito namna ile, distoshen imekuongezea besi inayokubaliana na kodi yako. Sasa badala ya E weka C#, ambayo kwa tyuning ya kawaida ni 138.6 Hz, tofauti inakuwa 28.6 wakati A ya huko chini ni 27.5, kwa hiyo unapata kitu kilichopanda zaidi ya nusu ya semitoni, kinagombana na kila kitu. Hapo ni noti mbili tu, weka noti nne au tano za kodi ya jazi uone, inakuwa matope matupu. Wapiga gitaa wengi wamezoea kwamba ukiweka gein kubwa, yaani mkwaruzo mwingi, basi kodi zako ziwe nyepesi, noti mbili tatu, wanadhani ndo maumbile ya gitaa. Sio maumbile ya gitaa, ni waya mmoja! Mpe kila uzi distoshen yake, changanya baada ya hapo, kodi ya tisa inatoka na ukali wote na bado unasikia kila noti ilipo. Mara ya kwanza nilipoisikia nilibadilisha hadi mpangilio wa vidole, maana sauti nilizokuwa nazikwepa ghafla zilikuwa zinafanya kazi.

Na wazo lenyewe sio la jana. Kampuni ya Gretsch walitoa gitaa la sterio mwaka 1958, nyuzi tatu nene zinaenda upande huu na tatu nyembamba upande ule. Mwaka 1974 bendi ya Grateful Dead walikuwa na ule mfumo wao mkubwa wa spika, Wall of Sound, na mpiga besi wao Phil Lesh aliweza kupeleka kila uzi wa besi lake kwenye spika zake. Kampuni ya Roland wakaja na sinthesaiza ya gitaa, GR-500, mwaka 1977, na mashine yao ya VG-8 ya 1995 ndo ilionesha njia ninayoitetea mimi, ishara ya kila uzi inachakatwa ibaki kuwa gitaa.

Kilichoangusha mambo naona ni nyaya. Roland walikuwa na waya wa pini 24, baadae pini 13, halafu 2023 ukaja mfumo mpya wa kidijitali, Gibson nao kwenye Les Paul yao ya HD.6X-Pro wakatumia waya wa mtandao kama wa kompyuta. Yaani ukitaka sauti sita tu za kawaida unatafuta boksi la kuzigawa kwanza, na hapo mtu anakata tamaa kabla hajasikia chochote. Mi nataka boksi lenye jeki sita lije na gitaa toka kiwandani, kila mtu achomeke kwenye intafesi yake ya chaneli nane, kile kiboksi cha kuingizia sauti kwenye kompyuta, aendelee na maisha.

Zina kero zake, sikatai. Uzi wa jirani huwa unavuja kwenye kipikapu kisicho chake, kwa hiyo lazima ukae na kurekebisha urefu, kipikapu kisogee karibu kabisa, kama milimita 1 kutoka kwenye uzi ukiwa umebonyezwa freti ya mwisho. Na rifu za pawa kodi usizipitishe huku, zinapoteza ile besi ya bure, zinakonda. Ndo maana kwenye kurekodi usiiache pikapu ya kawaida, kwenye waya wa pini 13 ipo pini ya 7, ichukue kama chaneli ya saba, zile sita zikisikika kavu iingize kwa chini taratibu mpaka kifua cha gitaa kirudi.