Usiniuzie mwendo wa asubuhi

"Hii inakimbia kilomita sabini kwa saa, ssebo." Ndivyo alivyoambiwa binamu yangu siku alipokwenda kununua boti ya kubebea wageni katika Ziwa Viktoria, huku kwetu Uganda, na maneno hayo ndiyo yaliyomtoa pesa. Walimjaribishia saa moja asubuhi, ziwa limelala kama maji ya sufuriani, ndani tukiwa watu watatu tu. Kukimbia ilikimbia. Nilikuwepo, nikaona, nikanyamaza. Ndiyo maana leo naandika, kwa sababu sina tena haki ya kunyamaza.

Jumamosi iliyopita tulitoka Entebbe saa nane mchana kwenda kisiwa cha Ngamba, watu tisa na mizigo yao. Ni kilomita 23 hivi. Upepo ulikuwa umeshaamka kutoka ziwani, unatupiga usoni. Hatujafika hata nusu ya njia, boti ikaanza kudunda. Inarushwa juu, inatulia hewani kidogo, halafu inaangukia tumbo, pwaa! Kila ikianguka, meno yanagongana. Shangazi alikuwa ameketi omo, mbele kabisa ya boti, kwa sababu aliambiwa huko ndiko kuna mandhari nzuri. Pigo la nne au la tano akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Shangazi, njoo nyuma!" Akashindwa kusimama. Tulipunguza mwendo mpaka tukawa tunatambaa, na mitumbwi ya mbao yenye injini ndogo ikatupita. Mpaka leo shangazi anaamka kitandani kwa kushika ukuta.

Tuliporudi, binamu aliinua zulia la sakafu. Kutoka chini ya nguzo ya kiti cha mbele kulikuwa na ufa kwenye faibaglasi, mwembamba kama unywele, urefu wa kiganja. Boti ina miezi minne.

Sasa nisikilizeni, ninyi mnaojiandaa kununua boti ya mwendo kwa ajili ya kuzunguka pwani hizi zetu, kutoka Gaba na Munyonyo mpaka Koome, mpaka Ssese. Msinunue kwa kuangalia injini. Msinunue kwa viti, wala spika za muziki. Ingieni chini ya boti ikiwa bado juu ya trela, mlale chali kama fundi gari, mtazame tumbo lake.

Piga maji kwa kiganja kilichofunguka, utaumia. Yapige kwa ukingo wa mkono, mkono utazama bila maumivu. Tumbo bapa ni kiganja, tumbo la V ni ukingo wa mkono. Wachoraji wa boti hupima pembe hiyo kwa digrii, na mahali pa kuipima ni kwenye tezi, yaani nyuma ya boti, siyo omo, kwa sababu omo karibu kila boti ina makali. Hilo ni pambo la kumfurahisha mnunuzi. Boti inapokimbia, omo huwa hewani na sehemu inayobeba uzito wote ni ile ya nyuma. Ukikuta nyuma pamekuwa bapa kama meza, digrii sita au nane, hiyo ni boti ya bwawa. Boti ya kukimbilia penye mawimbi inataka digrii 20 hivi, na zile za makali kabisa hufika 24. Jambo hili si jipya. Mwaka 1960, katika mashindano ya boti kutoka Miami hadi Nassau, bahari ilichafuka, na iliyoshinda ilikuwa Moppie ya Dick Bertram, chombo chenye tumbo la V kali lililochorwa na Mmarekani Raymond Hunt. Zaidi ya miaka sitini imepita, na bado sisi tunauziwa meza.

Kuna watakaosema hayo ni ya baharini, hapa ni ziwa tu. Neno hilo "tu" linaniudhi kuliko yote. Ziwa hili lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800. Upepo una nafasi kubwa ya kukimbia, lakini maji si ya kina sana, pale penye kina kikubwa ni mita 80 na kitu. Kwa hiyo mawimbi yake yanakuwa mafupi na yamesimama wima. Baharini wimbi refu linakupandisha polepole na kukushusha polepole. Hapa boti haijashuka kwenye wimbi la kwanza, la pili limeshafika. Wavuvi wanalijua hili, ndiyo maana mitumbwi yao ni mirefu na myembamba, futi 28 na zaidi, yenye mkuku, ule uti wa chini wa chombo, unaokata maji. Mzee mmoja wa mwalo wa Kasenyi (mwalo ni pale mitumbwi inapotia nanga, na napenda sana kwamba neno ni hilo hilo kwa Kiganda na kwa Kiswahili cha ziwani) aliniambia, "Mwanangu, chombo kipana ni cha kubeba, chombo cha kukimbia lazima kikate." Alikuwa anashona wavu, hata hakuinua macho.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba tumbo bapa lina faida zake. Linapanda juu ya maji haraka, linakula petroli kidogo, linabeba mzigo, linaingia mpaka kwenye mchanga bila kuhitaji gati. Na boti ya V ikisimama inayumba, wageni wanashika kingo. Bei yake nayo iko juu. Kama kazi yako ni kuvusha matofali kwenye ghuba iliyotulia, chukua bapa, sitakugombeza. Lakini ukimwambia mgeni kwamba utamfikisha Kalangala, kule Ssese, haraka kuliko ile feri ya Nakiwogo inayochukua saa tatu na nusu, basi mwendo unaouza ni ule utakaouweza alasiri, upepo ukiwa usoni na boti imejaa. Boti inayoshika kilomita arobaini kwa saa kwenye mawimbi bila kumvunja mtu mgongo itafika kabla ya hiyo ya sabini inayolazimika kutambaa. Sisi tumeyaona, tena kwa macho yetu wenyewe.

Na kuna kurudi. Wakati wa kurudi mawimbi yalitoka nyuma. Nahodha alipopunguza gesi ili asigonge wavu uliokuwa unaelea, wimbi lililokuwa linatufuata likapanda juu ya tezi na kuingia ndani, ndoo mbili tatu kwa mara moja. Tezi ilikuwa fupi mno, imekatwa chini ili injini ikae. Tazameni ubavu wa boti umepanda kiasi gani juu ya maji ikiwa na watu wote ndani, na tazameni kama maji yakiingia nyuma yana njia ya kutoka. Kumbukeni pia kwamba vipimo vingi vya vitabuni ni vya baharini. Maji yetu hayana chumvi, ni mepesi kidogo, kwa hiyo chombo kile kile kinazama zaidi hapa.

Injini nayo ina lake. Uso wa ziwa uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini isiyosukumiwa hewa kwa turbo hupoteza kama asilimia tatu ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Piga hesabu: injini ya nguvu farasi 200 inakupa kama 178. Muuzaji wa binamu yangu hakulitaja hilo, wala hakubadilisha propela. Propela iliyochaguliwa kwa ajili ya bahari huku inakuwa nzito mno, injini haifiki mizunguko yake, inahema, inakunywa mafuta. Dai yenye hatua fupi zaidi, yaani inayosogea umbali mfupi kwa kila mzunguko. Kuhusu chapa sina ugomvi mkubwa: chukueni ile ambayo vipuri vyake mtavipata mwaloni siku ya Jumapili, na hapo Yamaha inawashinda wengine. Injini mbili ni bora kuliko moja. Magugu maji yakiziba tundu la kupoozea ya kwanza, ya pili itawafikisha.

Jaketi za kuokoa maisha ziwe za kila mtu na ziwe zimevaliwa. Kamba ya kuzimia injini ifungwe kwenye mkono wa nahodha. Petroli igawanywe mafungu matatu, moja la kwenda, moja la kurudi, moja lisiguswe.

Na tafadhali, msiongeze sakafu ya juu ili watu wacheze muziki. Kila mtu anayepanda juu anaigeuza boti kuwa rahisi kupinduka. Novemba 2018 boti ya starehe MV Templar ilizama karibu na ufuko wa Mutima, Mukono, na watu zaidi ya thelathini wakafa, wengi wao vijana waliokwenda kustarehe, nchi kavu ikionekana kwa macho. Nilikwenda kwenye mazishi mawili wiki hiyo. Mtu akiniambia boti ni starehe tu, nayakumbuka majeneza yale.

Binamu anaiuza boti yake, na nimemkataza kumficha mnunuzi ule ufa. Tumepata nyingine ya kutazama Munyonyo, futi 26, imetumika, rangi imepauka, lakini nimelala chini yake nikaweka kipimo cha pembe cha seremala kwenye tezi: digrii 21. Muuzaji anataka tuijaribu alfajiri. Nimemwambia tutakuja saa tisa alasiri na watu wanane na viroba vinne vya mchanga, na tutatoka nje kabisa ya ghuba, upepo ukiwa usoni. Akasema basi tusubiri siku iliyotulia. Nimemjibu kwamba ikitulia, hatuji.